Baraza za Pompei

"Bado unabishana na Warumi?" Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia Wanjiru tulipokutana mwezi uliopita mlangoni kwa Furaha, kule Woodbridge, jimbo la Virginia, Marekani, kila mmoja wetu akiwa ameinama kuvua viatu. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, ingawa kutoka kwake Herndon hadi kwangu Alexandria si safari ya kumshinda mtu mwenye gari. Tulikuja kumlilia Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, aliyekaa nasi nyumba moja ya kupanga mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na moja. Sebule ilikuwa imejaa. Wazee wa kanisa lake walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu ni nani atakayesoma sala ya mwisho, wajukuu wakiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na kutoka jikoni nikamsikia mwanamke nisiyemjua akimsimulia mwenzake: "Marehemu alikuwa anasema kulikuwa mutoto moja wa Mombasa, alifundisha Bazungu namna ya kukaa mbele ya nyumba." Wakacheka. Wanjiru akanitazama. Nilinyamaza, kwa sababu matanga si mahali pa kusahihishana, lakini nimefanya kazi ya redio maisha yangu yote na sipendi habari ipite na kosa. Sikumfundisha mtu yeyote kukaa. Nilifundishwa, na waliochangia kunifundisha ni Mama Furaha, Wanjiru, mwalimu mmoja wa historia na mji uliofunikwa na majivu karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya pili, upande wa magharibi wa Alexandria, katika safu ya majengo ya matofali mekundu yaliyofanana hivi kwamba wiki ya kwanza nilijaribu ufunguo wangu kwenye mlango wa watu wengine. Jikoni palitosha watu wawili, nasi tulikuwa watatu, kwa hiyo mmoja alisimama kizingitini kila mara na kuzungumza kutoka hapo. Wanjiru, mtu wa Nyeri, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya matunzo huku akisomea uuguzi. Alikuja na sare yake ya buluu na harufu ya sabuni ya dawa, akaweka maji ya chai kabla hajaketi. Mama Furaha alisafisha vyumba vya hoteli. Mkataba wa nyumba ulikuwa na jina lake, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya chungu gani kiinjikwe. Jumapili kilikuwa ni cha sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ambayo aliyapika asubuhi nzima hadi madirisha yakatoka jasho. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na uanafunzi wangu ulikuwa ukingoni. Muhula wa kwanza nilikuwa nimeanguka masomo mawili kati ya manne, kwa sababu Kiingereza nilichokileta kutoka Mombasa kilikuwa kizuri kwa mtihani na kibaya kwa mazungumzo. Chuo kilinionya: nikianguka somo jingine moja, nafasi yangu inakwisha. Na viza yangu ilishikamana na nafasi hiyo. Kwa hiyo sisi watatu tulijua, bila kulitaja mezani, kwamba huenda majira ya joto yakifika wangebaki wawili.

Somo lililobaki kunitisha lilikuwa historia ya kale. Sikulichagua, ndilo pekee lililokuwa na nafasi saa ambazo basi langu lilinifikisha. Mwalimu aliitwa Pellino, mtu mfupi mwenye mvi na masweta ya vifungo, ambaye babu na bibi yake walihama kutoka kijiji kimoja karibu na Napoli. Muhula mzima alitufundisha mji mmoja tu, Pompei, kusini mwa Italia, kwa hoja kwamba ukiujua mji mmoja vizuri utajua namna ya kuuliza kuhusu mingine yote. Tulianza na wenyeji waliokuwepo kabla ya Warumi, waliokuwa na lugha yao wenyewe, Kioska. Tukaja kwenye vita, na jinsi Roma ilivyowaleta askari wake wastaafu na kuwapa mashamba na nyumba hapo, na Kilatini kikachukua ofisi, kisha soko, kisha vitanda vya watoto. Lakini alituonyesha picha ya ukuta ambao bado una maandishi ya Kioska yaliyopakwa rangi, na wenye nyumba waliofuata hawakuyafuta. Akatufikisha kwenye tetemeko lililouvunja mji, na miaka iliyofuata ambapo watu waliujenga upya, hata mlima Vesuvio ulipolipuka baadhi ya kuta zilikuwa bado zikitengenezwa. Wanafunzi wengi walipenda siku ya mwisho ya mji, majivu na mikate iliyogeuka makaa ndani ya tanuri, ikiwa bado imekatwa alama za vipande vinane. Mimi nilipenda ile miaka ya kati. Mtu anayepaka chokaa ukuta wake baada ya tetemeko hajui kitakachokuja, anajua tu kwamba ukuta umepasuka. Nilimwelewa mtu huyo kuliko nilivyoelewa jambo lolote jingine Virginia.

Kila mwanafunzi alipewa jengo moja la Pompei na kutakiwa aandike maisha ya siku moja ndani yake, kwa ushahidi. Langu lilikuwa nyumba ya ukubwa wa wastani kwenye mtaa wenye pilikapilika, na nilipoiona picha yake nilicheka peke yangu maktabani. Mbele ya nyumba, ukutani, pande zote mbili za mlango, kulikuwa na baraza. Za mawe, zimepigwa lipu, zimetazama njia, kimo kile kile cha kuketi mtu mzima miguu ikigusa chini. Kitabu kilisema zilijengwa kwa ajili ya watu waliomtegemea bwana mwenye nyumba, waliokuja kila asubuhi kumwamkia na kusubiri waitwe ndani wapewe chochote. Nikasema, hapana. Huyu aliyeandika hajakaa Mji wa Kale wa Mombasa. Mwalimu Pellino alikuwa na kanuni moja niliyoipenda: ukikosa neno la Kiingereza andika neno la kwenu, ulipigie mstari, na yeye atalitafuta mwenyewe. Nikaandika kurasa kwa Kiingereza changu cha kujikongoja, na neno "baraza" nikalipigia mstari kila lilipotokea, nikiwa na hakika kwamba dunia nzima inajua baraza ni nini.

Karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu. Mwalimu alikuwa amefanya alichoahidi. Alikwenda kwenye kamusi ndogo ya maktaba, na kamusi ikamwambia kwamba baraza ni halmashauri ya mji, au mkutano wa serikali. Kwa hiyo alisoma kwamba kila nyumba ya Pompei ilikuwa na halmashauri yake binafsi. Nilipoandika kwamba asubuhi mtumwa huimwagia baraza maji na kuisugua, yeye alisoma kwamba madiwani humwagiwa maji na kusuguliwa, akaweka alama ya kuuliza. Nilipoandika kwamba paka wa jirani hulala juu ya baraza hadi jua liifikie, aliweka alama mbili. Mwishoni aliandika, kwa mwandiko wa upole uliozidi kunichoma, kwamba mji ulikuwa na halmashauri moja tu, iliyokutana karibu na uwanja mkuu, na kwamba sikutaja ushahidi hata mmoja wa hizi nyingine. Alama ilikuwa ya kuanguka. Chini yake: niandike upya, kisha niitetee mbele ya darasa, wiki ile iliyofuata. Leo najua kwamba Kiswahili chenyewe kingeniokoa, kwa sababu kwetu tunasema baraza ya nyumba na baraza la madiwani, na mwenye sikio anasikia tofauti papo hapo. Lakini niliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina ngeli.

Jumapili hiyo niliipeleka karatasi jikoni kama mtu anayepeleka mguu uliovunjika. Wanjiru aliisoma akiwa amesimama kizingitini, kikombe mkononi, na alipofika kwa paka alicheka mpaka akamwaga chai. "Aki Rukia! Si ungenipa niisome kabla hujaisubmit! Na huyo mwalimu ako sawa. Baraza ni ya chifu. Chifu anaita watu, mnakaa kwa nyasi, yeye anakaa kwa kiti, anawaambia mchimbe vyoo. Hiyo ndiyo baraza."

"Nyasi?" nilisema. "Baraza gani ina nyasi? Baraza ni ya mawe, bibi wee, imeshikana na ukuta wa nyumba. Jioni wanaume wanakaa, kahawa inapita, anayepita anasalimiwa hata kama hatakiwi."

"Hiyo ni benchi."

"Benchi unaibeba. Baraza huwezi kuibeba."

Mama Furaha alikuwa akikoroga sombe, mgongo kwetu. Hakugeuka. "Barza," alisema, akilitamka kwa namna yao, bila ile irabu ya katikati. "Barza njo fasi ya mbele ya nyumba, chini ya mabati, pale watu banakaaka. Mugeni anafika, unamuwekea kiti ku barza. Munabishana juu ya nini? Neno ni moja."

"Si moja, Mama Furaha," Wanjiru alisema. "Yangu ni mkutano. Yenu ni veranda. Ya Rukia ni ya kulalia paka."

Hapo Mama Furaha akageuka, mwiko mkononi. "Ule chifu wako, Wanjiru. Zamani, mbele serikali haijamujengea ofisi, alikuwa anaitia watu wapi?"

Wanjiru alifungua kinywa, akafikiri. Alikuwa mtu wa haki. Hakuweza kujibu uongo hata katika mzaha. "Babu alikuwa anasema walikuwa wanaenda kwake. Kwa boma ya chifu."

"Ndani ya chumba yake ya kulala?"

"Aa, hapana. Nje. Kwa..." Akanitazama. "Kwa hapo mbele ya nyumba."

"Basi," Mama Furaha alisema, akarudi kwa chungu chake.

Nimehoji mawaziri, nimehoji maaskofu, na sijapata kusikia swali lililofungua mlango kama lile. Nilikuwa nimehesabu kwamba mwalimu amelikosea neno langu. Sasa niliona kwamba kamusi haikukosea. Ilianza tu mwisho. Watu huketi mahali, mahali pakapewa jina, wakiketi wakazungumza mambo yao, mazungumzo yakarithi jina la mahali, na mwishowe mawaziri wenye viyoyozi wanaitwa baraza bila mmoja wao kukumbuka jiwe. Pwani tumebaki na jiwe, Bukavu wamebaki na kivuli cha mbele ya mlango, na Nyeri wamebaki na mkutano. Hayo nilikuwa nimeyapata kwa Kiswahili. Lakini Mwalimu Pellino hakuwa amenipa Kiswahili niandike. Alinipa Pompei, na kwa Pompei sikuwa na kitu ila hakika yangu.

Siku zilizofuata nilishinda maktabani kwenye kitabu kikubwa cha ramani za mji, chumba kwa chumba, mtaa kwa mtaa. Nilitoa nakala ya ramani na kutia alama ya penseli kila mahali palipoonyeshwa kiti cha mawe mbele ya ukuta. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, baraza hizi ziko kwa matajiri peke yao? Kama ziliwekwa kwa ajili ya watu wa kumwamkia bwana mkubwa, zitakuwa kwa mabwana wakubwa. Nyingine zilikuwepo huko, sikuzificha. Lakini nilizikuta pia mbele ya duka la chakula lenye kaunta ya mitungi, na mbele ya vijumba ambavyo mwenyewe hakuwa na wa kumwamkia ila mkewe. Ndipo nikaenda kwenye sura ya maandishi ya ukutani. Pompei ilipiga kura kila mwaka, na wapambe waliandika majina ya wagombea kwa rangi kwenye kuta za mitaani: waokaji wa mikate wanamtaka fulani, wauza matunda wanamtaka fulani. Na mengine yalitiwa saini kwa neno moja tu: majirani. Majirani wanaomba mumchague huyu awe diwani. Nililisoma neno hilo nikaiweka penseli mezani. Majirani walikubaliana wapi? Hawakuwa na ofisi. Walikubaliana walipoketi.

Siku ya utetezi nilivaa blauzi ya Wanjiru. Darasa lilikuwa dogo, watu wa kazi wengi wao, na mbele aliketi kijana mmoja aliyetoka jeshini ambaye aliuliza swali kila siku bila hofu. Nilieleza neno, kwa mpangilio: Mombasa, Bukavu, Nyeri. Walipocheka kuhusu paka niliwaacha wacheke. Nikaonyesha ramani, nikataja wazi zile zilizokuwa mbele ya majumba makubwa, kisha zile nyingine. Nikamaliza na majirani. Yule wa jeshini akainua mkono. "Nyumba za Pompei zina bustani ndani, zina kivuli na maji. Kwa nini mtu akae nje kwenye vumbi?"

"Kwa sababu bustanini hapiti mtu," nilisema.

Wakacheka tena, lakini Mwalimu Pellino hakucheka. Alivua miwani. "Nina swali moja, nalo ni gumu," alisema. "Unachotuonyesha hapa ni ushahidi, au ni hamu yako ya nyumbani?"

Nilikuwa na jibu la kujitetea, refu, nililolifanyia mazoezi kwenye basi, na ningelitoa kama nisingekumbuka jinsi Wanjiru alivyokubali kushindwa jikoni badala ya kusema uongo. "Ni vyote viwili," nilisema. "Hamu ndiyo iliyonifanya nitazame. Lakini ramani sikuichora mimi."

Aliifuta miwani kwa ncha ya sweta, kwa muda ulionitosha kufungasha sanduku langu kichwani na kufika uwanja wa ndege. Kisha akasema kwamba sikuthibitisha. Hakuna ajuaye ni nani hasa aliyeketi pale, na mwanahistoria lazima aweze kuishi na hilo. Lakini, akasema, na yeye tangu sasa hataweza kufundisha kwamba walikuwa ni watu wa kumsubiri bwana mkubwa na basi, kwa hiyo nimempunguzia jambo moja alilodhani analijua. Akageukia dirisha, na kwa sauti ambayo haikuwa ya darasani akatuambia kwamba bibi yake, alipohamia Amerika, alikuwa akitoa kiti cha jikoni kila alasiri na kukaa kando ya njia mbele ya mlango, na mama yake akiona aibu akimwambia aingie ndani, watu watafikiri hatuna viti vya sebuleni. "Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu," alisema. Akavaa miwani, akamwita mwanafunzi aliyefuata.

Nimelifikiria swali lake mara nyingi kuliko jibu langu. Kila habari niliyoitangaza baadaye niliiuliza hivyo kwanza: hii ni habari, au ni hamu yangu? Mara nyingi ilikuwa vyote viwili, na sikuona haya tena, ilimradi nijue ipi imeishia wapi. Nilikuja Alexandria nikikusudia uuguzi, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa ikiita watu wetu wote. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimejua kwamba ningependa kukaa mahali watu wanapopita, nikiuliza.

Karatasi nilirudishiwa siku iliyofuata, ndani ya bahasha, na niliifungua kituo cha basi. Alama ilikuwa C. Nilihesabu nikiwa nimesimama pale pale, pamoja na mitihani iliyotangulia, nikahesabu tena. Ilitosha somo zima. Nilipofika nyumbani mchana ulikuwa bado mkubwa. Wanjiru alikuwa akipiga pasi sare, na Mama Furaha, siku yake ya mapumziko, alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Wote wawili waliniangalia usoni, si mkononi.

"Haya?" Wanjiru aliuliza.

"Nimepita."

"Umepata ngapi?"

"C."

"C!" Akaiweka pasi wima. "Kelele yote hiyo, Warumi, chifu, babu yangu umemtaja mbele ya wazungu, kwa C?"

"C njo nini?" Mama Furaha aliuliza.

"Ni alama ya katikati, Mama Furaha," nilimwambia. "Si nzuri, si mbaya. Haimfukuzi mtu."

Alilipima jibu hilo kwa makini, kama anavyopimwa samaki sokoni. Kisha akaitoa miguu majini, akaanza kuipangusa, kidole kwa kidole, uso ukimfunguka.

"Kama haifukuze mutu," alisema, "iko muzuri."